Njia ya Lamu na Gari la Urithi

Barabara itokayo Mombasa hadi Mokowe, mahali abiria wapandapo mashua za kuvukia kisiwa cha Lamu, ina urefu wa zaidi ya kilomita 300. Huvuka hori za Mtwapa na Kilifi, mto Sabaki baada ya Malindi na mto Tana hapo Garsen, kisha hupita Witu na kushuka hadi ukingo wa bahari. Wazee waliosafiri kabla ya lami na madaraja husimulia safari ya siku nzima, na nyakati za mvua, ya kulala njiani. Siku hizi, mwenye gari zima hutoka Mombasa baada ya sala ya Alfajiri na akaiwahi Alasiri katika msikiti wa Lamu. Swali letu lilikuwa hilo hilo: je, gari letu lilikuwa zima?

Lilikuwa limetimiza miaka 22. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililokwisha kutumika ikiwa umri wake umepita miaka 8, na mengi ya magari hayo hutoka Japani na kuteremshwa katika bandari ya Mombasa. Letu liliteremshwa likiwa na miaka 7. Baba mkwe wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alilinunua, na miaka 15 iliyofuata likaishi nasi hapa pwani. Lilikimbiza wagonjwa usiku, likapeleka watoto madrasa, likapokea mahujaji uwanja wa ndege na kusindikiza jeneza za majirani hadi makaburini. Mtaani liliitwa gari la Mzee, hata baada ya Mzee mwenyewe kututangulia.

Kisha injini ikaanza kula oili na shokapu zote nne zikachoka. Fundi alipiga hesabu ya kufungua injini, shokapu mpya na ujira wake, akataja shilingi 160,000. Mtu mmoja aliyeliona barabarani alikuwa tayari kulinunua kwa 280,000 lilivyo. Wakati huo huo karo ya watoto ilikuwa yangoja. Mama mkwe alitaka litengenezwe, kwani ndilo lililokuwa likimpeleka kliniki ya sukari kila mwezi, na ndilo kumbukumbu ya mumewe. Wifi yangu aliona liuzwe upesi kabla bei haijashuka zaidi. Bwana akapendekeza njia ya kati. Palikuwa na harusi ya jamaa Lamu. Matairi na breki vingeshughulikiwa kwanza, kwa kuwa hivyo si vya kujadiliwa, kisha gari lijaribiwe kwa safari hiyo. Likienda na kurudi salama, litengenezwe.

Tulitoka alfajiri. Foleni ya Mtwapa haikulipandisha joto. Kilifi tulivuka daraja refu lililo juu ya hori, mahali ambapo zamani magari yalingoja kivuko, na mama mkwe akawahadithia wajukuu jinsi walivyokaa pale saa nzima wakila korosho. Tukapita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na njia ya kwenda magofu ya Gedi, mji wa Waislamu uliohamwa katika karne ya 17, na bado injini ilivuma sawasawa. Malindi tulipima oili. Ilikuwa imepungua kidogo tu.

Baada ya Sabaki njia hupita Gongoni na Marereni, ambako maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana, jua likayakausha, na chumvi ikabaki nyeupe kama theluji. Msafiri huiona hapo kwa macho ile chumvi ambayo sisi wa pwani huivuta hewani kila siku bila kuiona. Chuma hushika kutu kikikutana na maji na hewa; chumvi huiharakisha kazi hiyo, kwani huvuta unyevu na kuufanya upitishe umeme mdogo unaokila chuma. Ndiyo maana gari lililokaa Nairobi na lililokaa Mombasa, ingawa yalitengenezwa mwaka mmoja, si rika moja. Kutu haiuliki gari umbali gani limekwenda. Huliuliza limelala wapi.

Tulivuka Tana, tukapumzika Witu, na Mokowe tukaliacha gari na kupanda mashua. Mji Mkongwe wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro vyembamba vilivyojengwa kwa ajili ya mtu na punda. Siku tatu tulikwenda sokoni, msikitini na nyumbani kwa bibi harusi kwa miguu. Mama mkwe, ambaye Mombasa hakubali kwenda dukani bila gari, alicheka akasema kuwa Mzee angezaliwa huku angetuachia punda, nasi tusingegombana.

Siku ya mwisho tulizuru jamaa kijiji cha Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa, ambako mafundi wameunda na kutengeneza vyombo kwa vizazi vingi. Jahazi moja kuukuu lilikuwa limepwelewa ufukoni likingoja uamuzi. Mwenyewe alilisifu: tanga lake bado jipya, na juzi tu limekwenda na kurudi na mzigo. Fundi, mzee wa makamo, alimsikiliza kwa adabu bila kulitazama tanga. Aliinama chini, akaanza kugonga mkuku kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, akisikiliza sauti. Kisha akagonga mataruma, zile mbavu zinazoshikilia mbao. Mbao zenyewe alizigonga mwisho.

Bwana alimwuliza, "Fundi, mbona huanzii hapo panapovuja?"

"Mwanangu," akajibu, "panapovuja patazibwa. Ubao mbovu tutautoa tutie mwingine, tukalafati kwa pamba, tupake sifa na deheni, chombo kiende. Lakini mkuku ukioza, nitapigilia wapi misumari?"

Jahazi lile mkuku wake ulikuwa mzima, na mwenyewe akaambiwa anunue mbao.

Safari ya kurudi ilikuwa njema, alhamdulillahi, na kwa sharti tulilojiwekea, gari lilikuwa limefaulu. Hata hivyo maneno ya Matondoni hayakumtoka bwana. Kabla ya kutoa shilingi moja alimwomba fundi wetu asiiguse injini kwanza, bali alipandishe gari juu, aondoe mikeka ya ndani, na agonge fremu ya chini, ambayo mafundi huiita chesi. Upande wa mbele nyundo ilitoa mlio wa chuma. Nyuma, pale springi zinaposhikana na chesi, ilitoa sauti ya bati, na kwa pigo la tatu ikatoboa. Mabomba ya mafuta ya breki yaliyopita hapo nayo yalikuwa yamelika nje. Injini ambayo tungeilipia shilingi 160,000 ilikuwa ndiyo sehemu yenye afya kuliko zote.

Tulimwuliza fundi kama pangeweza kuchomelewa. Alisema tundu moja likizungukwa na chuma kizima huzibika vyema. Lakini kutu ikiwa imeenea, bamba jipya hushikizwa kwenye chuma kilicholika, ni kama kushona kiraka juu ya kitambaa kilichooza. Tundu lingezibwa na picha ingependeza, kisha siku moja, gari likiwa limejaa watoto na bibi yao, springi ikaachana na chesi katika mwendo. Kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sheria yetu. Penzi la kitu cha marehemu, hata likiwa kubwa, haliwezi kuwekwa juu ya hilo. Mama mkwe alishika ule ukingo uliolika, ukavunjika mkononi mwake kama biskuti. Hakubishana tena.

Palibaki mambo mawili ambayo familia nyingi huyasahau. La kwanza ni kuwa gari halikuwa la bwana, ingawa ndiye aliyekuwa akiliendesha. Lilikuwa bado katika jina la marehemu, na mali ya marehemu ni ya warithi wote baada ya kulipwa madeni. Kwa hiyo bwana alikaa na mama yake na dada yake, wakakubaliana mbele ya mashahidi, kisha wakalifikisha jambo kwa Kadhi ili makaratasi yafuate njia yake.

La pili ni namna ya kuuza. Yule mtu wa 280,000 alikuwa bado akipiga simu, na hakuwa ameona chini. Mtume s.a.w. alipita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vyake vikakuta unyevu. Muuzaji alitoa udhuru wa mvua, naye akamwuliza kwa nini hakuuweka unyevu ule juu ili watu wauone. Bwana alimweleza mnunuzi hali ya chesi, naye akashukuru, akajitoa. Gari likauzwa kwa mfanyabiashara wa spea, aliyeonyeshwa kila tundu, kwa shilingi 144,000: injini, giaboksi, milango na viti vitahudumia magari mengine, na chuma kilichobaki kitayeyushwa. Usajili wake ulifutwa NTSA, ili namba ya Mzee isije ikaonekana juu ya gari la wizi.

Fedha ziligawanywa kwa faradhi. Mama mkwe, kwa kuwa marehemu aliacha watoto, alipata thumuni, yaani shilingi 18,000. Bwana 84,000 na wifi 42,000. Wawili hao walitoa katika mafungu yao wakamwekea mama yao akiba ya teksi ya kliniki. Tulipohesabu bima, petroli, oili na gereji, tuliona teksi ya mara moja kwa mwezi na tuktuk za madrasa ni nafuu, mpaka Mwenyezi Mungu atakapofungua mlango mwingine. Karo ililipwa kwa wakati.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, gari la nyumbani likizeeka na fundi akataja bei, usianze na injini wala na rangi. Liombe lipandishwe, mikeka iondolewe, na nyundo igonge chini kuanzia mbele hadi nyuma, nawe usimame usikilize. Chesi ikiwa nzima, mengine ni mbao na pamba. Tengenezeni na mulitumie kwa shukrani. Ikiwa imelika, shukuruni kwa miaka mliyobebwa, muuze kwa uwazi, na kila mwenye haki apewe haki yake. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia na atulinde sote njiani. Amin.