Mbwa Akisusa Ugali

Ndugu msomaji, wahenga walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hawakumtaja mbwa, lakini yeyote aliyepata kumfuga mnyama huyo katika vitongoji vya Dar es Salaam atakubali kwamba usemi huo unamhusu naye pia. Mbwa anayegeuza shingo mbele ya sahani ya ugali hakuzaliwa na maringo hayo. Ama ni mgonjwa, ama chakula chenyewe ni pungufu, ama kuna mkono unaompa kitu kitamu zaidi. Ni wajibu wa mwenye nyumba kujua ni lipi kati ya hayo matatu kabla hajainua fimbo au kufungua mkoba.

Nayasema haya kwa kuwa yametufika. Kwetu Tabata Kimanga mbwa si pambo. Mimi hurudi kutoka chumba cha habari usiku, mume wangu hufanya kazi kwa zamu, na nyumbani hubaki watoto wawili pamoja na mama mkwe wangu. Mlinzi wao ni Jeki, mbwa wa kienyeji mwenye manyoya ya kahawia. Sasa, mbwa asiyekula nyumbani hujitafutia. Hupenya uani akaenda jalalani, akarudi na minyoo. Huko anaweza kumuuma mtoto wa watu, au kuumwa na mwenziwe mwenye kichaa. Kwa hiyo Jeki alipoanza kususa, halikuwa jambo la kuchekwa.

Majirani hawakukosa dawa. Mmoja alisema ashindishwe njaa hadi apate adabu. Wa pili alishauri tununue chakula cha pakiti katika maduka makubwa ya mjini. Wa tatu alicheka tu, akasema mbwa wa kienyeji hana haki ya kudeka. Kila mmoja alishika upande mmoja wa jambo lenye pande tatu.

Tuanze na ugonjwa. Mbwa aliyekuwa akila vizuri kisha akaacha ghafla, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Mtazame kinywani: huenda ana jino bovu au mfupa uliokwama. Ufizi uliopauka waweza kuwa dalili ya homa iletwayo na kupe, au ya minyoo inayomnyonya damu. Mbwa mzima mwenye afya akikosa chakula siku moja hadhuriki, mradi maji anayo; mtoto wa mbwa asiachwe hivyo. Jeki alipimwa, akapewa dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa iliyokuwa imefikia wakati wake. Hakuonekana na ugonjwa.

Pili, chakula chenyewe. Wako wanaodhani kwamba ugali si chakula cha mbwa hata kidogo, kwa kuwa asili yake ni mbwamwitu. Hilo si kweli. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwamwitu, ana urithi wa mwilini unaomwezesha kusaga wanga vizuri, kwa sababu ya kuishi na mwanadamu na kula masazo yake kwa maelfu ya miaka. Tatizo la ugali ni upweke wake. Mahindi yana takriban sehemu 9 tu za protini katika kila 100, ilhali kiwango kinachotumika Marekani kwa chakula cha mbwa mzima ni angalau sehemu 18 katika 100 za chakula kikavu, na kwa watoto wa mbwa ni 22.5. Mbwa anayesusa ugali mtupu, basi, si mjeuri. Anakukumbusha kwamba umempa nusu ya haki yake.

Dawa ya upungufu huo tunayo sokoni. Dagaa wakavu wana protini zaidi ya sehemu 50 katika 100, na kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yao, wana chokaa ya kutosha kuimarisha mifupa ya mlaji. Ukichanganya kilo 3 za unga wa dona na kilo 1 ya dagaa, unafika kwenye sehemu 20 hivi. Nasema dona, si sembe, kwa kuwa dona lina kiini na pumba za mahindi. Ongeza mchicha au boga lililochemshwa, kijiko cha mafuta ya alizeti, na mara moja kwa juma kipande kidogo cha ini lililopikwa. Dagaa waliotiwa chumvi nyingi waache, na wenye mchanga waoshe na kuwaanika.

Isitoshe, chakula hicho hakimchoshi mpishi. Dagaa wakikauka sawasawa, wapeleke mashineni wasagwe, kisha changanya na unga na kuhifadhi katika ndoo kavu yenye mfuniko. Jioni unasonga sufuria moja, kazi imekwisha. Na hapo ndipo ilipo siri ya mbwa mchaguzi: dagaa mzima atamchomoa na kuuacha ugali, bali dagaa aliyesagwa hana namna ya kumtenga.

Sisi tulifanya hivyo, na bado Jeki alisusa. Ikabaki sababu ya tatu, yaani mikono. Nilimpa binti yetu daftari, nikamwomba aandike kila kitu kilichoingia kinywani mwa mbwa kwa siku nzima ya Jumamosi. Jioni nilisoma: andazi la asubuhi, chipsi za vijana wa jirani, kichwa cha samaki kutoka kwa mpita njia mwenye huruma, na mchana vipande viwili vya nyama. Nilipouliza nyama hiyo ilitoka wapi, mtoto aliinamisha macho akasema, “Ni ya Bibi.”

Hapo, ndugu msomaji, jambo la mbwa likageuka kuwa jambo la mtu. Mama mkwe wangu ni mjane, na miezi michache kabla ya hapo alishauriwa kliniki aongeze nyama, samaki na maharage, kwa kuwa nguvu zilikuwa zikimpungua. Tulikuwa tukijinyima ili sahani yake isikose kitoweo, kumbe kitoweo hicho kilikuwa kikiishia chini ya meza. Ilikuwa lazima kusema, lakini mkwe hamwendei mama kwa maneno makali. Nilimwachia mume wangu, nami nikaketi kando. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Wanangu, nyie mnatoka alfajiri mnarudi usiku. Huyu ndiye anayenisikiliza mchana kutwa. Nitamlaje mwenzangu kwa macho?”

Hatukuwa na jibu la haraka. Kumkataza kumlisha Jeki kungekuwa kumnyang'anya mwenzi. Mume wangu akamwomba jambo lingine kabisa: tangu siku ile, mlishaji wa Jeki awe ni yeye peke yake. Watoto wasimpe kitu, mimi nisimpe kitu, na vijana wa jirani tungewaomba kwa heshima. Yeye angemwekea sahani yake saa moja jioni, baada ya kumaliza sahani yake mwenyewe. Aliuliza, “Naye akikataa?” Mume wangu akamjibu kwamba sahani ikae robo saa, kisha iondolewe, na kitu kingine kisitolewe hadi kesho yake, maji tu yasikosekane.

Jioni ya kwanza Jeki alinusa, akaenda kulala. Jioni ya pili alinusa tena, akamtazama Mama kwa macho ambayo kila mfuga mbwa anayajua. Mama alitokwa na machozi, akaniambia, “Mkwe wangu, mnanifanya niwe mkatili.” Nilimkumbusha kwamba daktari alikwisha kumpima, nami nikakaa naye barazani tukazungumza hadi usiku, jambo ambalo kwa shughuli za mji huu lilikuwa limekuwa adimu. Jioni ya tatu Jeki alikula nusu. Juma lilipokwisha, alikuwa akilamba sahani, na Mama alikuwa akimaliza nyama yake.

Sasa niyataje ya hatari, kwa kuwa masazo si yote ni chakula. Mfupa wa kuku uliopikwa huvunjika kwa ncha kali na kutoboa utumbo. Kijiti cha mshikaki chenye harufu ya nyama mbwa hukimeza kizima. Vitunguu na vitunguu saumu huharibu damu yake, kwa hiyo pilau la sikukuu si la kwake. Chokoleti ni sumu, na zabibu, hata zile nzuri za Dodoma, huweza kuua figo zake. Sisi wa Tabata hatuko mbali na machinjio ya Vingunguti, na mtu huona rahisi kununua matumbo na kumtupia mbwa mabichi. Yachemshwe kwanza, kwa maana matumbo mabichi huweza kuwa na tegu ambalo kutoka kwa mbwa huhamia kwa watoto wanaocheza naye.

Jambo jingine ni unga ulioota ukungu. Tusiseme “ni mbwa tu.” Ukungu wa mahindi hutoa sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Sumu hiyo iliua zaidi ya watu 100 nchini Kenya mwaka 2004, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa yetu ya Dodoma na Manyara. Mwaka 2005 huko Marekani iliua makumi ya mbwa waliokula chakula cha pakiti kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mahindi yasiyomfaa mtu hayamfai mbwa.

Mfano huo wa mwisho una funzo kwa yule jirani wa pakiti. Biashara ya chakula cha mbwa kilicho tayari ilianzia London miaka ya 1860, Mmarekani James Spratt alipoanza kuuza biskuti za mbwa. Tangu hapo imesaidia wengi, na mwenye uwezo hakatazwi kununua. Hata hivyo pakiti haimfundishi mbwa adabu ya kula. Mbwa anayepewa andazi asubuhi na chipsi mchana ataisusa pakiti ya bei ghali kama alivyoususa ugali wako.

Mwisho, tusisahau majirani. Katika mitaa yetu wapo ambao dini yao inawataka wajitenge na mate ya mbwa. Sahani yake iwe yake, ioshwe mbali na bomba la wote, naye asiachwe kuzurura. Wazee walionya kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Mapenzi yasiyo na mipaka hayamletei heshima mfugaji wala mfugwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mbwa wako akisusa, mpeleke akapimwe, kamilisha chakula chake, kisha chukua daftari uhesabu mikono. Na ukimkuta mzee wa nyumba akigawana kitoweo chake na mnyama, usimwulize tu kwa nini anamlisha mbwa. Jiulize pia ni nani anayeketi na mzee huyo wakati wa kula.