Kilichokuwa Chini ya Ushungi



Siku ya 7 tulimnyoa mwanangu nywele za akika. Miezi 3 baadaye zikaanza kunitoka zangu. Kila nikichana, shanuo hujaa. Nje ya chumba hakuna aliyejua, na mume wangu alinyamaza kwa hisani. Nikanunua vidonge pasi na kuandikiwa na daktari. Pakitini paliandikwa finasteride. Nikavificha ndani ya kijaluba cha udi.

Wiki ya 5, usiku, maumivu yakanishika juu ya kitovu yakapenya hadi mgongoni, nami natapika nisipate nafuu. Hospitalini daktari akaniuliza, “Mama, watumia dawa gani?” Mama mkwe alikuwa amenishika mkono. Nikajibu kwamba situmii chochote. Akauliza tena, nikarudia uongo ule ule. Kusitiri nywele nimefunzwa tangu utotoni. Huko kusitiri dawa mbele ya tabibu nilikutoa wapi?

Vipimo vya damu vikaonesha kongosho limevimba. Hapo niliogopa kweli: je, ni vile vidonge? Nikamwomba mama mkwe anipishe kidogo, nikasema yote nikilia.

Daktari hakunikemea. Alisema zipo dawa zinazojulikana kudhuru kongosho, mfano valproate ya kifafa (ambayo, ajabu, huweza pia kupukutisha nywele), lakini yangu haimo katika zile zinazotuhumiwa mara nyingi. Hata hivyo akanikataza nisiiguse tena, kwani mwanamke anayeweza kushika mimba hafai kuimeza: huweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Neno hilo liliniuma kuliko tumbo lenyewe.

Picha ndiyo iliyofichua sababu: vijiwe vya nyongo, kimoja kimeziba njia. Uja uzito huvileta, na kukonda kwa haraka pia; nami nilikuwa nikijinyima chakula tangu arubaini iishe. Na nywele, akasema, huwatoka wengi baada ya kujifungua, kisha hurudi zenyewe, aghalabu kabla ya mwaka kutimia.

Nilipasuliwa, mfuko wa nyongo ukatolewa. Niliporudi nyumbani nilimfungulia mama mkwe kijaluba kile. Alikitazama, akacheka kidogo. Zake zilimtoka kwa kila uzazi, na kila mara zikarudi. Hajapata kumwambia mtu.