Baiskeli ya Fundi Yafika Rubavu

Kilimatinde imekaa ukingoni mwa Bonde la Ufa, wilayani Manyoni. Wajerumani walijenga boma lao hapa mwishoni mwa karne ya 19, na Kanisa la Anglikana likaja kuanzisha Hospitali ya Mtakatifu Yohana. Mwandishi wa kumbukumbu hizi amefanya kazi ya uuguzi hapa tangu ujana wake, na hapa ndipo alipofahamiana na fundi wa baiskeli ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Fundi.

Kliniki ya mkoba ya hospitali hiyo ilimtegemea Fundi kuliko daktari yeyote. Muuguzi alifunga kibebeo cha chanjo kwenye keria, akaning'iniza mizani ya kupimia watoto begani, akashika njia ya vijijini. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Tairi likipata pancha katikati ya vichaka, barafu inayeyuka, na akina mama waliotembea tangu alfajiri wanarudi na watoto bila chanjo. Kwa hiyo Fundi aliziweka baiskeli za kliniki mbele ya foleni, akakaza spoku na kupaka cheni mafuta, kisha akamfundisha kila muuguzi mgeni kuziba pancha kwa mikono yake mwenyewe.

Yeye mwenyewe alipenda mwendo. Aliunganisha baiskeli ya mashindano kwa vipuri chakavu, na jioni alikuwa akienda nayo Manyoni na kurudi.

Habari za Rubavu alizipata Manyoni, kwa madereva wa malori yanayopitia Singida na Nzega kwenda Rusumo hadi Kigali. Walimwambia kwamba ufukweni mwa Ziwa Kivu, nchini Rwanda, kunafanyika Ironman 70.3, mashindano yaliyoanza huko mwaka 2022: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90, kisha kukimbia kilomita 21.1. Watu watatu wanaweza kugawana kazi hiyo. Fundi akapanga timu siku hiyohiyo. Muuguzi mwenzake mwandishi, aliyekulia kisiwani Ukerewe, angeogelea, yeye angepanda baiskeli, na mwandishi angekimbia. Mkoani Singida hakuna aliyeona ajabu muuguzi kukimbia. Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa huu, alikuwa ameshaleta medali ya shaba ya marathoni kutoka London mwaka 2017.

Fundi hakuiona Rubavu. Jioni moja aligongwa na gari kwenye barabara kuu akirudi nyumbani, akafariki kabla ya kufikishwa wodini.

Baada ya matanga, mwandishi alikwenda kwa familia kuwaambia kwamba timu imevunjika. Mdogo wake Fundi, kijana aliyejifunzia ufundi mikononi mwa kaka yake, alisikiliza hadi mwisho. "Dada nesi," akasema, "baiskeli nitaipanda mimi." Akainyoosha rimu iliyopinda, akabadilisha uma wa mbele, akaanza mazoezi.

Katika mashindano haya timu hazipokezani kijiti. Kifaa kidogo cha kupimia muda hufungwa kifundoni mwa mguu. Anayemaliza hukifungua na mwenzake hukivaa. Siku ya mashindano huko Rubavu, muuguzi wa Ukerewe alitoka ziwani akihema, akamvalisha kijana. Njiani tairi la nyuma likatoboka. Kijana alishuka, akaziba, akajaza upepo, akaendelea bila kumwomba mtu msaada. Alipofika alikuwa na gundi vidoleni, na kwa vidole hivyo akamfunga mwandishi kile kifaa. Mwandishi akakimbia kilomita zote 21.1, akamaliza. Timu haikushinda, lakini muda wao uliandikwa, na baiskeli ya Fundi ilikuwa imemaliza kilomita zake 90.

Msiba wa namna hii umewapata wengine Afrika Mashariki. Suleiman Kangangi, mwendesha baiskeli Mkenya aliyeshika nafasi ya tatu Tour du Rwanda mwaka 2017, alikuwa nahodha wa timu ya AMANI. Alifariki tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mashindano Vermont, Marekani, akiwa na umri wa miaka 33. Wenzake waliendelea kushindana.

Lakini Fundi hakufia mashindanoni. Alikufa akirudi nyumbani, kama wanavyokufa wengi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki.

Dereva unayepita Manyoni jioni kuelekea Singida au Dodoma, punguza mwendo unapomwona mtu wa baiskeli, na umwachie nafasi unapompita. Nawe mwenye baiskeli, funga taa nyuma kabla jua halijazama. Kijana yupo Kilimatinde kwenye karakana ya kaka yake, na taa anafunga.