Jina la Mnyama ni Elimu



Ndugu zangu wanafunzi na wazazi, vijana wetu hapa Kambarage wamemzoea kwenye katuni mnyama mwenye weusi machoni kama barakoa na mkia wenye mapete. Ni rakuni, na asili yake ni Amerika. Nilipotafuta jina hilo limetoka wapi, nikaona lina somo letu.

Waingereza walipojenga Jamestown, Virginia, mwaka 1607, hawakuwa na jina la mnyama huyo, kwani kwao hakuwepo. Wakachukua neno la wenyeji, watu wa Powhatan, lenye maana ya "anayekwangua kwa mikono", kwa sababu rakuni hupapasa kila kitu kwa vidole. Wajerumani wao humwita "dubu anayeosha", maana huonekana akisugua chakula majini. Kila jina ni ushahidi wa mtu aliyetazama kwa makini. Lakini lugha ile ya Powhatan ilikufa zamani. Limebaki neno, wasemaji wake hawapo.

Hapa Tanzania tunaye kipunji, kima wa misitu ya Mlima Rungwe. Wanasayansi walimtangaza duniani mwaka 2005, lakini Wanyakyusa walikwisha kuwa na jina lake, na ndilo lililoingia katika vitabu.

Na sisi je? Bibi yangu humwita fisi "mbiti", na tembo "mhuli". Wanyama wadogo wa porini huwatofautisha mmoja mmoja: huyu mwizi wa mayai, yule mchimba mchwa. Sisi wajukuu wake tuliokulia mjini wote tunawaita "paka mwitu". Siku bibi akiondoka, ataondoka na majina hayo, na pamoja nayo yote aliyoyajua kuhusu tabia zao.

Katika Suratul Baqara, aya ya 31, tunajifunza kuwa Mwenyezi Mungu (S.W.T.) alimfundisha Nabii Adam (A.S.) majina yote. Na sura kadhaa za Qur'ani zimeitwa kwa viumbe: ng'ombe, nyuki, sisimizi, buibui na tembo. Basi majina si jambo dogo.

Nawausia wanafunzi wenzangu: likizo hii kaeni na babu na bibi zenu, muandike majina kumi ya wanyama kwa lugha ya nyumbani, na sababu ya kila jina. Daftari hilo litawafaa wadogo zenu, inshaallah.

Wabillahi tawfiiq.