Gazi, Matope na Vicheko

Matatu ya Lunga Lunga hukushusha kando ya barabara kuu, ukishapita Ukunda na kabla hujafika Msambweni. Kutoka hapo ni bodaboda au miguu yako mpaka ufukweni. Watalii wengi huishia Diani kwenye mchanga mweupe. Gazi haina mchanga wa kujivunia. Ina mikoko, na kwa mikoko hiyo nakisifu kijiji hiki cha Wadigo kuliko hoteli zote za pwani ya kusini ya Kenya.

Akina mama wa kijiji wana daraja lao la mbao linalokatiza ndani ya msitu, na wao wenyewe ndio wanaokuongoza. Aliyenitembeza mimi, mama wa makamo aliyejitanda leso, alikuwa akigusa kila shina akilitaja: mkoko wenyewe na miguu yake iliyopinda, mchu, muia, mkandaa. Mlilana umesimama mbele kabisa, unapigwa na mawimbi ili mingine ipumue. Chini yetu kaa walikuwa wakikimbilia mashimoni, na harufu ya tope ilitupanda puani. Usiikunjie uso harufu hiyo. Tope lile halina hewa, kwa hiyo majani na mizizi iliyofukiwa humo huoza polepole mno, na kaboni hubaki ardhini. Sehemu kubwa ya utajiri wa msitu huu iko chini ya nyayo zako, si kwenye matawi.

Haikuwa hivi siku zote. Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi ikawa kuni za kuchomea chokaa na matofali, pakabaki madoa ya upara. Kuanzia 1991 watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari, walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Mwaka 2013 ukazaliwa mradi wa Mikoko Pamoja, unaohifadhi hekta 117 na kuuza hati za kaboni za takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka, kwa wanaotaka kufidia moshi wao. Wanunuzi wengi wako ng'ambo, na sina hakika kwamba wote wamepunguza moshi wao wenyewe. Lakini fedha, ingawa si nyingi, hufika Gazi na Makongeni, na matumizi yake huamuliwa na wanakijiji mkutanoni: maji ya bomba, vitabu vya shule. Nje ya mikoko wamepanda mivinje, ili mwenye kutaka nguzo au kuni asiingie msituni na shoka.

Siku ya kupanda ndiyo ya kuiona. Mbegu ya mkoko huchipua ingali imening'inia kwa mama yake, ikarefuka, kisha ikadondoka. Hivyo hakuna kuchimba, unaidunga topeni kwa mkono na kusogea. Sharti maji yawe yamekupwa, na yakianza kurudi hayambembelezi mtu. Leso zimefungwa viunoni, suruali zimekunjwa, matope yako magotini, na kelele ni za arusini. Anayeteleza huchekwa, na anayemcheka haendi mbali kabla naye hajakaa chini. Niliwahi kuhudhuria mikutano ya mazingira mjini, yenye viyoyozi na nyuso za msiba. Hapa sikusikia mtu akizungumzia mwisho wa dunia.

Huenda furaha hii si ya Gazi tu. Watafiti waliolinganisha nchi 7, zikiwemo Brazili, China, Denmark na Afrika Kusini, walikuta kwamba watu wenye mazoea ya kutunza mazingira huelekea pia kuridhika zaidi na maisha yao. Kipi kinazaa kipi, hilo ni gumu kulisema. Kwingine utunzaji umewekwa kwenye sheria: Bhutan, nchi inayojipima kwa furaha ya watu wake, imeandika katika katiba yake kwamba misitu isipungue asilimia 60 ya ardhi. Rwanda ina umuganda, kazi ya pamoja ya jamii kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na huko kutoka nje kushiriki ni wajibu wa kisheria. Gazi hakuna anayekutoa nyumbani. Mimi naona furaha yao haitokani na wema mtupu. Inatokana na kuchafuka pamoja, kisha kufungua bomba lililo karibu na mlango na kuyaona maji. Mtu anayetenganisha taka peke yake jikoni, ghorofa ya nane, anafanya jambo jema, lakini hana wa kumcheka.

Ukitaka kwenda, uliza kwanza ratiba ya maji. Bamvua inafaa kupanda, kwa kuwa bahari huondoka mbali. Maji yakijaa, tembea darajani. Waagize akina mama chakula mapema, wali wa nazi na samaki, maana hawapiki kwa kubahatisha. Vaa viatu usivyovionea uchungu, na peku usijaribu: kuna makombe yanayokata.