Nililitoa Jua Katika Hesabu

Mwanafunzi wangu aliuliza swali la maana, nami nikamnyamazisha. Tulikuwa Thimlich Ohinga, Kaunti ya Migori, penye kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, ambazo UNESCO iliziorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018. Nilikuwa naeleza jinsi makaa na mifupa hupimwa umri: miale ya kosmiki hugonga hewa ya juu na kuzalisha nyutroni, nazo hugeuza naitrojeni kuwa kaboni-14, ambayo hupungua nusu kila miaka 5,730. Akauliza kama jua haliingilii kati. Nikamjibu kwa ukali kwamba halihusiki, miale hiyo hutoka mbali. Hata nikamtaja Victor Hess, aliyepaa kwa puto mwaka 1912 jua likiwa limepatwa, akaona mionzi haipungui.

Maelezo hayohayo niliyarudia Homa Bay mbele ya walimu wenzangu. Jambo moja tu nililisema sawa huko: zana za mawe za Nyayanga, zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2.5, ni za kale mno kupimwa kwa kaboni-14.

Hess hakukosea, mimi ndiye niliyemwelewa vibaya. Jua si chanzo kikuu cha miale hiyo, lakini ndilo linaloizuia njiani. Upepo wa jua husambaza uga wake wa sumaku kupita sayari zote, na chembe zinazokuja huku huhangaika kama mtu anayepiga kasia dhidi ya Mto Kuja uliofurika. Katika mzunguko wake wa miaka 11 hivi, jua likichachamaa chembe chache hutufikia; likipoa, huongezeka. Kati ya 1645 na 1715 madoa ya jua yalikaribia kutoweka, na kaboni-14 ikazidi hewani. Ndiyo maana wataalamu husahihisha vipimo kwa pete za miti, na kipimo kimoja cha karne zile chaweza kuangukia miaka kadhaa tofauti.

Kinachoniuma si fizikia tu. Kijana yule alikuwa amefikiri kuliko mimi, nami nikatumia cheo changu kumfunga mdomo. Namwomba radhi. Nanyi walimu wa Migori na Homa Bay mlioandika maneno yangu, yafuteni, kisha muwafundishe watoto kwamba jua limo katika hesabu.