Deni la Shane na Langu

Mwezi Juni 2012, siku chache kabla ya Westlife kuimba pamoja kwa mara ya mwisho katika uwanja wa Croke Park jijini Dublin, magazeti yaliandika kiasi alichokuwa akidaiwa mwimbaji wao, Shane Filan: pauni milioni 18 hivi. Alikuwa amefilisika kisheria, na kila mwenye senti ya kununulia gazeti alijua. Niliisoma habari hiyo asubuhi, nimetoka zamu ya usiku katika makao ya wazee mjini Reading, viatu nimeshavua, chai inapoa. Shabiki wa kweli angemhurumia. Mimi nilimwonea wivu. Deni lake lilikuwa limeshatamkwa. Langu lilikuwa halijatamkwa na mtu, hata na mimi mwenyewe nikiwa peke yangu bafuni.

Naomba kwanza niwapeleke Changamwe, Mombasa, maana huko ndiko Shane alikoingilia nyumbani kwetu. Ilikuwa mwaka 2000, niko sekondari. Binamu yangu alileta kanda ya kunakiliwa aliyoinunua Mwembe Tayari, jalada lake fotokopi isiyo na rangi, nyuso tano zimekolea wino hata pua huitofautishi na nywele. Tuliirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili tusimalize betri, mstari mmoja mmoja, tukiandika maneno kwenye daftari. Mengine tuliyasikia sivyo, tukayaimba hivyo hivyo kwa imani kamili. Mama, akipepeta mchele uani, aliwaita "Wazungu wako wa kulialia." Hakukosea sana.

Walikuwa vijana watano wa Ayalandi, watatu kati yao kutoka mji mdogo wa Sligo, na nyimbo zao saba za kwanza zote zilifika namba moja Uingereza, kuanzia "Swear It Again" mwaka 1999. Sisi hatukuzihitaji takwimu hizo. Tuliwasikia kwenye matatu, saluni, harusini. "You Raise Me Up" ilipotoka mwaka 2005, kwaya zetu ziliichukua kana kwamba imo kwenye kitabu cha nyimbo, mara ikawa inaimbwa mazishini.

Wenzangu wengi walikuwa wa Mark Feehily, mwenye sauti ya kupaa. Mimi nilikuwa wa Shane, kwa sababu Shane ndiye huanza. Ubeti wa kwanza ni wake, kinanda tu nyuma yake, anaimba taratibu utadhani anakueleza jambo mezani. Mark huja baadaye kuubeba wimbo juu. Na pale muziki unapopanda ngazi kuelekea mwisho, wote huinuka kwa pamoja kutoka kwenye stuli walizokalia jukwaani. Uingereza mbinu hiyo ilichekwa miaka nenda rudi. Mimi sijawahi kuicheka.

Deni langu lilianzia kwenye ploti Mtwapa. Mama ameishi nyumba za kupanga maisha yake yote, na mimi nikiwa wa kwanza nyumbani kufika Ulaya, tena muuguzi, ilieleweka bila kikao kwamba nyumba itatoka kwangu. Nikakopa benki, nikatuma. Aliyesimamia ni mtu wa ukoo, simtaji. Ploti ilionyeshwa, ikapimwa, mawe ya msingi yakashushwa, nami nikatumiwa picha. Kisha akatokea mwenye ardhi na hati yake, na rekodi zilipopekuliwa, namba tuliyopewa sisi ikaonekana ni ya kipande kingine kabisa, cha mtu mwingine. Watu wa pwani wanazijua hadithi hizi, sina haja ya kuirefusha.

Kilichonimaliza ni kilichofuata. Benki ya huku haiijui Mtwapa. Tarehe ikifika inataka chake. Nikachukua kwenye kadi nilipe benki, halafu nikaenda kwa wale wanaokopesha mpaka siku ya mshahara, ambao miaka ile walikuwa wametapakaa Uingereza nzima. Riba yao ikihesabiwa kwa mwaka ilifika maelfu ya asilimia. Sijakosea kuandika, ni maelfu. Ilikuwa Januari 2015 ndipo walipowekewa kikomo, gharama isizidi asilimia 0.8 kwa siku, wala mkopaji asilipe kwa jumla zaidi ya mara mbili ya alichokopa. Kabla ya hapo ulikuwa mkononi mwao, na walijua hivyo.

Na muda wote huo nilikuwa mtu wa heshima. Matanga, harusi, harambee ya karo ya mtoto wa fulani: jina langu halikukosekana kwenye orodha, na mchango wangu haukuwa mdogo, kwa kuwa muuguzi akitoa kidogo huulizwa kulikoni. Bahasha za kahawia nilizitia kwenye sanduku la safari chini ya kitanda, nyingine bila kuzifungua. Mama akiniuliza nyumba imefika wapi, nilimwambia imefika madirishani. Ilikaa madirishani muda mrefu sana, nyumba ile. Nikakonda. Simu ikiita kwa namba nisiyoijua, jasho lilinitoka hata kama namsaidia bibi wa watu kuvaa soksi. Niliomba, ndiyo, lakini hata maombi yangu yalikuwa ya mafumbo. Sikutaja kiasi. Sijui nilikuwa namficha nani.

Ndiyo maana niliishika habari ya Shane nikakataa kuiachia. Yeye na kaka yake walikuwa na kampuni ya kujenga nyumba, wakakopa wakati ambapo Ayalandi nzima ilikuwa ikikopa. Bei za nyumba zikaporomoka, mabenki yakadai pesa ambazo hazikuwapo tena. Alifilisikia Uingereza badala ya kwao, na kwa sababu inayoeleweka: huko kwao, kwa sheria ya wakati ule, mtu angeweza kubaki mufilisi hadi miaka 12, Uingereza kwa kawaida ni mwaka mmoja. Wapo waliomsema kwa hilo. Mimi sioni ubaya wa mtu kupita kwenye mlango ulio wazi, na nilitamani wangu ningeuona. Hajatimiza hata miaka 33, kundi limevunjika, nyumba imekwenda, ana watoto watatu wadogo. Novemba 2013 akatoa albamu yake ya kwanza ya peke yake, *You and Me*, na nyimbo zake nyingi alishiriki kuzitunga, jambo ambalo Westlife, kundi lililosimama sana juu ya tungo za wengine, halikujulikana nalo. Mwaka uliofuata akaanza kuzunguka kumbi ndogo kuziimba.

Tiketi mbili zilinunuliwa na shoga yangu wa Tanga, tuliyekuwa naye zamu moja. Akasema, "Utanilipa ukipata." Maneno hayo yalitosha kunikosesha usingizi, lakini yeye hakujua.

Ulikuwa ukumbi wa zamani wa michezo ya kuigiza, viti vya mahameli vilivyochakaa kwenye kingo, dari ina mapambo ya plasta yaliyoanza kumeguka. Wengi wetu tulikuwa wanawake wa umri wa miaka thelathini na kitu. Wengine wamekuja na mama zao, wengine na waume waliokaa wameshika makoti. Weusi tulikuwa wachache, na mzee mmoja wa kuangalia tiketi alituuliza kwa upole kama hatujakosea ukumbi. Shoga yangu akamwimbia ubeti mzima wa "My Love" pale pale mlangoni. Yule mzee akatupeleka mwenyewe hadi kwenye viti.

Nitasema kilichonipeleka. Kuimba ningemsikia kwenye simu. Nilikwenda kutazama jinsi anavyosimama mtu ambaye kila aliyeko ukumbini anajua anadaiwa kiasi gani. Nilitaka kuona mabega yake.

Alitoka bila fataki wala lifti ya kumwinua kutoka chini ya jukwaa. Wapigaji wachache, taa za kawaida, yeye na kipaza sauti. Tulikuwa karibu kiasi cha kuisikia pumzi anayoivuta kabla ya mstari. Mabega yalikuwa mabega tu. Aliziimba zile mpya kwanza, "Everything to Me" na nyingine ambazo nusu ya ukumbi haijazishika bado, akaziimba kwa bidii ya kijana anayetafuta kazi. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu kwa namna ambayo sikuwahi kumheshimu nilipokuwa msichana. Kwenye kanda ile ya Mwembe Tayari sauti yake ilikuwa imelainishwa ikawa kama siagi. Hapa ilikuwa na mikwaruzo, noti moja aliifikia kwa taabu, akaishika, akaendelea.

Kisha ikaja "Flying Without Wings." Anayeijua anajua tatizo lake: nusu ya wimbo huo ni ya Mark. Nikajiuliza atafanyaje. Aimbe sehemu zote mbili? Apunguze wimbo? Alianza sehemu yake, na ilipofika zamu ya mwenzake akarudi nyuma hatua moja, akanyamaza. Hakujaribu kuijaza nafasi ile. Akaiacha wazi, na ukumbi ukaingia.

Hatukuimba vizuri, jamani. Mark Feehily ni Mark Feehily, na sisi tulikuwa wauguzi, walimu na wauza duka tuliochoka na wiki. Nyuma yangu kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa nje ya ufunguo kwa ujasiri ambao sijawahi kuuona kanisani. Lakini wimbo ulipanda, mbovu hivyo hivyo, na muziki ulipofika ile ngazi ya mwisho watu wote wakainuka kwa pamoja kutoka kwenye viti, kwa sababu tumefundishwa miaka yote kwamba hapo ndipo wanapoinuka. Jukwaani hapakuwa na stuli hata moja. Shane alicheka, akakosa mstari wake mwenyewe, tukamwimbia na huo pia. Shoga yangu alikuwa analia waziwazi. Mimi nilikuwa nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, nimepiga kelele hadi koo linawaka, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kichwani mwangu hamkuwa na hesabu yoyote.

Sitaki kumpa Shane Filan utukufu usio wake. Hakusema neno juu ya madeni usiku ule, wala hajui kama nipo. Lakini kwenye basi la kurudi, barabara imejaa mvua, nilimwambia shoga yangu kiasi. Nilikitaja chote, hadi pauni ya mwisho, kwa sauti. Akageuka kunitazama.

"Pauni?"

"Pauni."

"Mungu wangu," akasema, akaegemea kiti. "Mimi nilidhani una saratani."

Kumbe miezi yote ile ya kukonda na kukataa chakula cha mchana, wenzangu kazini walikuwa wameshakaa kikao juu ya ugonjwa wangu. Walikuwa wanasubiri niwaambie hospitali gani. Nilicheka hadi dereva akatuangalia kwenye kioo.

Wiki iliyofuata shoga yangu alinisindikiza hadi kwenye ofisi ya Citizens Advice, ambako ushauri wa madeni ni wa bure, nimebeba lile sanduku la safari. Mshauri alifungua bahasha moja baada ya nyingine na kuzipanga kwa mafungu, hana mshangao wowote, anatafuna biskuti. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza: unaandika kinachoingia, unaondoa kodi ya nyumba, chakula, nauli na umeme, na kinachobaki kinagawiwa wadai wote, kila mmoja kulingana na ukubwa wa anachokudai. Wanaandikiwa barua, wanaombwa wasimamishe riba. Wengi wa wadai wangu walikubali. Mmoja alisumbua, naye akakubali. Hakuna aliyekuja kuvunja mlango, jambo ambalo nilikuwa nimeliota usiku mwingi.

Kulipa kulichukua miaka. Westlife walitangaza kurudi pamoja mwaka 2018, wakajaza tena Croke Park mwaka 2019. Shoga yangu akaenda, mimi nilikuwa bado nalipa, nikabaki na zamu. Kanisani waliponiomba nishuhudie jinsi Bwana alivyolipa deni langu, nilisimama nikasema ni kweli amelilipa, kwa zamu za usiku na za sikukuu. Mchungaji alisema amina, ingawa nadhani alitaka kitu kifupi zaidi.

Palibaki Mama. Huyo nilimwogopa kuliko wadai wote, na nilimpigia Jumapili ile ile iliyofuata usiku wa basi, kabla ujasiri haujapoa. Nilimwambia hakuna nyumba, hakuna madirisha, ploti si yetu, pesa ni za benki. Alikaa kimya kiasi cha kunifanya nidhani simu imekatika.

"Nilijua," akasema. "Nilipita hapo na matatu nikienda Kilifi kwenye posa. Pana ukuta wa mtu."

"Tangu lini, Mama?"

"Zamani. Ukiniambia madirisha, nakuitikia madirisha. Nilisema ukichoka utaniambia."

Nikaanza kulia, nikamwomba radhi kwamba nimemwacha bila nyumba. Akaniuliza, kwa sauti ile ile ya kupepeta mchele, "Kwani mimi nimelala nje?" Halafu akasema kama nina chochote cha kutuma mwezi huo, bati la jikoni linavuja, na mwenye nyumba ni mtu wa maneno tu.